Mguu Uliobaki Hewani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kilosa hatujambo, mahindi yamebeba. Umeuliza kama video ya mwanao akipiga hatua ya kwanza imefunguka. Mjomba wako amefunga kurasa nyingine, amesafisha brauza, akaifungua upya, lakini kiduara kinazunguka tu na mtoto amebaki mguu juu.

Nimekumbuka enzi za ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa na kibanda cha video kilipofika Mikumi. Siku moja kanda ikakwama farasi akiwa hewani juu ya mto. Tukisubiri, kijana wa pembeni akaninong'oneza, "Unadhani atavuka?" Farasi alipovuka hatukumwona, tulikuwa tunatazamana. Huyo ndiye babu yako.

Usitume nyingine. Tangu asubuhi nautazama mguu huu mdogo. Mlete aushushie hapa uani kwangu.

Bibi yako