Mzee Wandera Hakufuta Nambale

Busia, Jumatano. Mvua tangu asubuhi, matope hadi mlangoni, na mimi nimejaa raha ambayo siistahili.

Nianze na aibu. Jana nilipayuka mbele ya ofisi nzima kwamba Mzee Wandera amefuta faili ya kituo cha afya cha Nambale. Mzee ndiye karani wetu. Majina ya wagonjwa wote wa kifua kikuu ameyaandika kwa mkono miaka na miaka, na kompyuta haipendi hata kidogo. Programu niliyoiunda ilikuwa inatoa orodha ya Malaba vizuri, ya Khunyangu vizuri. Nikiitisha Nambale, inasema faili haipo. Alupe pia, haipo. Na gari la dawa lilikuwa litoke leo saa nane. Bila orodha, watu wa Nambale hawapati dawa. Madam, bosi wetu, akaapa kuwaandikia wakubwa barua mzee afutwe kazi.

Mzee alisema tu, "Haya," akatoka.

Leo nikaiambia programu ionyeshe kwenye skrini faili inayotafuta. Kwa Alupe mashine ikalia pii! ikaandika "c:lupe.txt". Kwa Nambale ikaandika "c:", ikaruka mstari, chini yake "ambale.txt".

N imeenda wapi?

Jamani! Mimi mwenyewe kila siku huandika \n nikitaka ishuke mstari, na \a nikitaka ilie. Na faili nimeiandika "c:\nambale.txt". Maskini programu ikatii, ikashuka mstari, ikaenda kutafuta jina ambalo halijawahi kuwepo duniani. Malaba ilipona kwa bahati tu, kwa sababu \m haiiamuru lolote. Dawa yake ni kukiandika kile kimstari cha mshazari kilicho mbele ya n mara mbili, "c:\\nambale.txt", ndipo ijue ni kimstari tu, si amri.

Nikajaribu. Nambale ikafunguka, na Alupe pia, wagonjwa wote wapo! Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu nikamkumbuka mzee.

Nilimkuta jikoni, madaftari ya zamani yamejaa mezani. Alikuwa ananakili orodha ya Nambale kwa mkono ili gari lisiwaruke. Mtu niliyemwita mharibifu!

"Mzee, si wewe. Kosa ni langu. Nisamehe."

"Watu wa Nambale wamepatikana?"

"Wote."

"Asante Mungu. Si ni hao tulikuwa tunatafuta, mwanangu?"

Nililia, sifichi. Nikamkimbilia Madam nikamweleza yote, na barua haitaandikwa. Gari limeondoka na orodha kamili. Kifua changu chepesi, nimekula chakula cha kwanza tangu jana.

Ila bado kuna kitu. Nilimwaibisha mbele ya watu wote, na msamaha nimemwomba jikoni tukiwa wawili tu. Hiyo si haki. Kesho saa ya chai, wakiwa wote wamekaa, nitasimama niseme ukweli kwa sauti ileile niliyomshtaki nayo.