Mkazi Mpenda Utulivu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko na za kazi? Lile jino limetulia, au bado unatafuna upande mmoja? Sisi huku wote wazima. Baba kikohozi kimemwacha, Mama miguu haivimbi tena, na mimi mwili mzima ila moyo ndio haujakaa sawa tangu mwezi uliopita. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu Mama unamjua: nikishika simu anasimama nyuma yangu na kujibu maswali kabla sijaulizwa.

Dada, kaa kwanza. Ile barua ya onyo ya halmashauri, ambayo Mama amekusimulia mara nne na kila mara akiwaka upya, kwamba kuna jirani amemshtaki kwa kelele: jirani huyo ni mimi. Nyumbani sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza.

Nisikilize kabla hujaniita nyoka. Wakati ule wa mitihani yangu ya mwisho sebule ilikuwa haishikiki. Kuna siku walikuja wateja watano, wawili wanasukwa, watatu wanangoja zamu, na wote watano wana habari. Mimi nilikuwa chumbani kwetu na pamba masikioni, nasoma mstari mmoja wa kemia mara saba. Mama akacheka. Unakijua kicheko chake, kinakwama, kinakwama tena, halafu kinawaka chote na vikombe vya kabatini vinaitikia. Ningeweza kutoka nimwombe apunguze sauti. Lakini unanijua, mimi nikikanyagwa kwenye foleni ndiye ninayeomba radhi.

Basi kesho yake nikitoka shule nikapita halmashauri, nikachukua fomu ya malalamiko pale mlangoni, nikaijaza kwa mwandiko wangu mzuri wa mitihani. Fomu inaruhusu kuficha jina, kwa hiyo penye jina niliandika Mkazi Mpenda Utulivu. Penye aina ya kelele niliandika kwamba ni kicheko cha msusi, kinachoanza kama pikipiki inayogoma kuwaka. Nikakata kile kipande cha chini chenye namba, fomu nikaitumbukiza kwenye sanduku lao, kipande nikakificha kwenye mkebe wangu wa hesabu. Nikasikia raha kana kwamba nimeshamwambia mwenyewe. Mitihani ikaisha, pamba nikatupa, fomu nikaisahau kabisa.

Sasa ona mambo. Ile kazi ya muda uliyonihimiza niombe, nilipopata, nilipangiwa masjala ya halmashauri, chumba cha mafaili chenye dirisha ambapo watu huleta malalamiko yao. Mkuu wetu tunamwita Bi Muhuri, kwa sababu ufunguo wa droo ya mihuri anauvaa shingoni. Hakuna mtu pale aliyewahi kuyaona meno yake. Siku ya kwanza alinikabidhi gunia la fomu zilizolala nyuma ya kabati tangu karani wa zamani aondoke, akaniambia mambo mawili tu: kwamba humu haipotei hata karatasi moja, na kwamba yanayoonekana humu hayasimuliwi nyumbani.

Siku ya tatu nikachomoa mwandiko wangu mwenyewe. Dada, nilitoka jasho hadi kwenye vidole vya miguu. Ningeichana, nani angejua? Lakini nilikuwa nimetia saini kiapo cha kazi Jumatatu ile ile. Nikaiandika kwenye daftari la mapokezi, namba mia mbili na kumi na mbili, nikaomba izame tena ilikotoka. Kumbe Bi Muhuri hazamishi kitu. Baada ya siku mbili barua ya onyo ilikuwa tayari, na aliyeikunja, akaitia kwenye bahasha na kuandika anwani ya nyumbani kwetu ni mimi, kwa mkono huu huu.

Ilibanwa pamoja na nakala ya fomu yangu, na ilisema kwamba baada ya siku kumi na nne atakuja afisa na mashine ya kupimia kelele, na kama zinatokana na biashara, biashara hiyo yaweza kuamriwa itoke ndani ya nyumba. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilidhani wangemwambia tu apunguze sauti. Sikuwa nimewaza kile kiti chake, kile kioo, na kwamba kazi hiyo ndiyo iliyotuvalisha sare za shule mimi na wewe.

Mama aliisoma akiwa amesimama. Kitu cha kwanza alichouliza si afisa wala mashine. Alimuuliza Baba kama kweli yeye hucheka kama pikipiki. Baba, fundi wa injini miaka yote hiyo na hajui kudanganya, akafikiri vizuri kisha akasema kwamba aliyeandika anazijua pikipiki. Siku hiyo Baba alijipakulia chakula mwenyewe.

Kisha Mama akaanza kumtafuta adui. Akaangukia kwa fundi saa wa ghorofa ya chini, kwa hoja kwamba mtu anayesikiliza saa kutwa nzima lazima anachukia vicheko. Kisasi chake kikawa heshima. Kila akipishana naye kwenye ngazi anamwamkia kwa kunong'ona, viatu mkononi, ananyata kama mwizi. Mzee wa watu akadhani kwetu kuna mgonjwa mahututi, akatuma pole.

Na sebule ikanyamaza. Mama alibandika karatasi kwenye kioo: ONGEENI POLEPOLE, TUMESHTAKIWA. Wateja wakawa wananong'ona kama watu waliokwenda kumwona mgonjwa wodini. Yule nesi mwenye nywele nzito alilala usingizi hadi akakoroma, na wengine wawili wakahamia saluni ya mtaa wa pili ambako bado mtu anaruhusiwa kusema. Kukiwa na jambo la kuchekesha, Mama anauma kitana, mabega yanacheza, macho yanajaa machozi, lakini sauti haitoki. Mimi nikakaa chumbani na ule utulivu niliouagiza kwa fomu. Nilichukua kitabu cha hadithi nikashindwa kumaliza ukurasa. Sikujua kimya kinapiga kelele kiasi kile.

Siku ya kumi, nani kasimama dirishani kwetu kazini? Fundi saa. Nilitamani niingie chini ya meza. Akaniamuru nisihangaike, maana alishaniona nikitafuta pa kujificha, akauliza kwa adabu kama tuna fomu ya kuwashtaki majirani walioacha kelele. Nilidhani ananidhihaki, lakini mzee hakuwa na mzaha. Akanieleza kwamba miaka kumi na mmoja anafanya kazi chini ya sakafu yetu, na hadithi zote za sebuleni humshukia pamoja na vicheko. Alikuwa anafuatilia ile ya mteja ambaye binti yake alijiwa na posa mbili siku moja, na hadithi ikakatika pale pale wajumbe wa pande zote mbili walipokutana getini. Tangu hapo hajui nani aliingia kwanza. Kazi haimwendei. Juzi alifunga mshale wa dakika mahali pa mshale wa saa.

Nikamjazia fomu. Aina ya kelele: hakuna. Madhara kwa mlalamikaji: hajui mwisho wa hadithi. Bi Muhuri akaisoma, akanitazama juu ya miwani, akaigonga muhuri na kumpa mzee nakala yake. Mzee alipoondoka, Bi Muhuri akasema kama anayeongea na kabati kwamba fomu hiyo haitasaidia kitu, kwa sababu namba mia mbili na kumi na mbili bado iko wazi, na anayeweza kuifuta ni aliyeileta tu, aje mwenyewe na kipande chake mkononi.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nilitoa kipande kwenye mkebe, nikatokea mlangoni, nikazunguka korido na kupanga foleni kwenye dirisha letu wenyewe kama raia mwingine. Mbele yangu walikuwa watu sita. Mara mbili nilitaka kukimbia. Nilipofika, Bi Muhuri hakuniuliza nimesahau nini ndani. Alikichukua kile kipande, akakiweka kando ya fomu yangu, na fomu kando ya daftari ninaloliandika kila siku. Mwandiko mmoja, mara tatu. Kisha akauliza, kama anavyowauliza wote, sababu ya kufuta malalamiko. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri tangu asubuhi, yote yakanikimbia. Nikasema utulivu umezidi.

Akaandika hivyo hivyo. Kalamu ikasimama. Yakaanza mabega, halafu, Dada, mama yule akacheka hadi ufunguo ukamrukaruka kifuani na watu wa uhasibu wakatoka kuangalia kuna nini. Bwana aliyekuwa nyuma yangu akauliza fomu za kushtaki kelele zinachukuliwa wapi. Bi Muhuri akajifuta macho, akagonga muhuri wa IMEFUNGWA, akanikumbusha kwamba yanayoonekana humu hayasimuliwi nyumbani. Tangu siku hiyo hajaligusia tena, ila asubuhi akinipita huguna kidogo kama pikipiki.

Barua ya kufunga faili ilipofika nyumbani, Mama hakuiamini. Aliyemwaminisha ni fundi saa, aliyepanda ngazi jioni ile na nakala yake mkononi kuuliza nani aliingia kwanza. Mama akamtazama, akaisoma ile fomu pale mlangoni, akafika penye "hajui mwisho wa hadithi". Kikakwama. Kikakwama tena. Kikawaka. Baba akapaza sauti kutoka jikoni kwamba imeshika. Karatasi ikabanduliwa kiooni, mzee akawekewa kiti, akaambiwa kwamba hakuingia mtu: wajumbe walitambuana kuwa ni ukoo mmoja, wakaanza kusalimiana pale getini na kuulizana habari za wajomba, hadi binti akachoka kungoja, akapita katikati yao kwenda kusukwa kwa Mama. Nesi amerudi. Wale wawili pia wamerudi, na habari za saluni ya mtaa wa pili.

Hayo pengine Mama amekudokeza. Hili hajakwambia. Juzi aliniita nikae na kalamu, akaniandikisha barua ya shukrani kwa Mkazi Mpenda Utulivu, niipeleke kupitia ofisini. Anasema hamjui ni nani, lakini amemsamehe, na mtu mwenye mwandiko mzuri hivyo hawezi kuwa na roho mbaya. Anamkaribisha aje asukwe, mtindo wowote autakao, na kama anaona haya kuja peke yake, binti yake wa masjala atamsindikiza hadi mlangoni. Nikaiandika yote. Nikaipeleka. Nikajipokelea.

Sasa kila jioni ananiuliza kama nimejibiwa. Alipouliza jana alikuwa ananichambua nywele kwa kitana, akasema taratibu kwamba za kwangu nazo zimeiva kusukwa. Sikuweza kugeuka kumtazama usoni. Nitakaa Jumamosi, kitini pake.

Msalimie shemeji na mtoto. Ukipiga simu Jumamosi usikie kelele, ni sisi. Lakini hili la kwangu, Dada, libaki kwako. Usimwambie Mama hata kwa mzaha, hata kama unadhani anajua.

Mdogo wako,
Sisimizi