Kumimina Mbele ya Baba Yake Furaha

Jumapili. Mvua imepiga mabati ya mtaa wetu wa Nyalukemba, hapa Bukavu, tangu asubuhi, na ziwa halionekani kabisa. Nimerudi kutoka misa nikiwa na moyo mwepesi ambao jana, saa nane mchana, sikudhani ningeupata tena.

Niungame kwanza: napenda kusahihisha watu. Tangu nipate lisansi, shahada yangu ya chuo kikuu, mdomo haupumziki. Marafiki hunivumilia; Furaha, ambaye nataka kumwoa, hunikanyaga mguu chini ya meza.

Jana hapakuwa na meza.

Nilikwenda Mudaka kujitambulisha kwa wazazi wake, nikisindikizwa na tonton, mdogo wa marehemu baba yangu. Bila ridhaa ya baba yake Furaha, mazungumzo ya mahari hayawezi hata kuanza. Tulibeba bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi, kwa maana mtu mwenye haja kama yangu haendi mikono mitupu. Baada ya salamu, muzee, baba yake, aliniambia kwa upole: "Mutoto yangu, utumwangie ile kasiksi."

Mwenye akili angeinuka na kunyamaza. Mimi niliinuka nikisema. Nilimweleza kwamba kumwaga, au kumwanga kama alivyosema yeye, ni kuacha kitu kianguke ovyo, ilhali kumimina ni kukiongoza kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kwamba hata mfua vyuma humimina chuma kilichoyeyuka katika kalibu, hakimwagi. Kwamba neno hili ni la Kibantu halisi, halikuletwa na Waarabu. Huku nikisema, nilijaza glasi bila kudondosha tone, nikampa kwa mikono miwili.

Hakunywa. Aliiweka chini, karibu na mguu wa kiti.

Kwetu, anayemimina huonja kwanza mbele ya macho ya wote, ili anayepokea ajue kwamba hamna sumu. Hilo nalijua tangu utotoni, kabla ya kujua kusoma. Nililisahau kwa sababu nilikuwa nikifundisha.

Tonton aliinamisha kichwa. Kaka yake Furaha alisema, kwa sauti ya kutosha: "Huyu alisomaka kumimina. Kuonja watamufundisha mwaka ingine."

Nilimtazama Furaha, naye akatazama sakafu. Niliona ndoa yangu imekaa pale chini, ndani ya glasi iliyojaa.

Aliyeniokoa ni mama yake. Alitoka jikoni akifuta mikono kwa kitenge, akaiokota ile glasi, akaniwekea mkononi na kuniita kama mtu anavyomwita baba yake.

"Kunywa kwanza, papa. Umesema mingi, koo yako imekauka."

Nilikunywa taratibu, kila mtu akiona ninavyomeza. Kisha nikamimina upya, safari hii kimya. Muzee akapokea.

Nimesoma vitabu vingi, na sijakuta popote mtu akikosolewa namna ile: mbele ya watu wote, bila aibu hata kidogo kubaki juu yake.

Tulipoaga, muzee alinishika mkono hadi barabarani. Aliniuliza: "Na ile neno yako, ilitokaka wapi? Nani aliisema wa kwanza?"

Nilikuwa na majibu matatu, yote ya kubahatisha, na yote yangependeza masikioni.

"Sijue, papa."

Muzee akaniambia: "Basi, rudia na bazee bako."

Kurudi na wazee wangu, mahari ianze kuzungumzwa: hayo ndiyo maneno niliyoyafuata Mudaka. Tonton aliimba njia yote hadi Bukavu.

Leo katika misa sikuomba kitu. Nilishukuru tu, kwa ajili ya mwanamke aliyeniita papa siku niliyostahili kuitwa mutoto. Nami, nikimwona mwingine anakosea mbele ya watu, je, nitaweza kumpa glasi badala ya somo?