Mtoto wa Watu Tuliyemvusha

Mjukuu wangu Moraa,

Habari za Eldoret na baridi yake? Huku Nyacheki tu wazima. Babu yako amepata miwani mpya, sasa anaona mikunjo yangu yote.

Umeniuliza kwa nini bado nasoma riwaya ileile ya vijana na uzee huu. Niliiazima shuleni nikiwa na umri wako. Mama hakujua kusoma, basi tukienda kuchuma majani chai nilimsomea kwa Kigusii, naye na shangazi wakanijazia kikapu. Uvivu wangu haukuanza leo.

Siku moja ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Msichana wa kitabuni alikuwa ametoroka ndoa ili arudi shule, akafika mtoni akakuta daraja limesombwa. Hapo hapo lori la kupeleka majani yetu kiwandani likapiga honi kituoni. Lingetuacha, jasho la siku nzima lingepotea bure.

"Twende," shangazi akasema.

"Tumwache mtoto hapo peke yake?" mama akamjibu. "Wewe, soma."

Nikasoma, na lori likaenda.

Jioni baba aliyakuta majani yamenyauka, akauliza tulichelewa wapi.

"Kuna mtoto wa watu tulikuwa tunamvusha mto," mama akasema.

Baba akayageuza majani kwa mkono. Kisha akauliza polepole, "Amevuka?"

Moraa, najua anavuka. Lakini kila nikifika pale mtoni, ukungu hunishukia na moyo hunidunda. Ukija Desemba utanisomea wewe, nami nitakujazia kikapu.

Nyanya yako