Maranda Chini ya Meza Yako

Athumani ndugu yangu,

Ni mimi Mashoto, seremala. Najua huko uliko barua hazifiki, na hata zingefika ningemshuku aliyezibeba. Unanijua. Lakini kuna jambo limenikaba tangu siku tuliyokuzika, na hapa Kibiti simwoni wa kumwambia kabla sijakwambia wewe.

Nianze na habari. Banda lako la redio limefungwa, ndugu zako hawajaamua nani alichukue. Bunduki yetu ya anga bado inaning'inia juu ya mlango wa kibanda cha video, na abiria wa mabasi ya kusini wanashuka kuishangaa. Juzi mgambo mpya aliizunguka mara tatu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ina kibali. Nikamwambia ni mninga na mizoga ya redio. Hakuniamini, na sikumlaumu. Ningekuwa yeye nisingeamini pia.

Tulivyohangaika nayo! Biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa, redio kaseti na mitumba inashuka na kila basi, na mwenye kibanda akataka bunduki kama za wale watu wa angani kwenye mikanda yake. Mimi nikachonga umbo. Wewe ukaja na sanduku lako la vikorokoro: vifundo vya redio, antena, swichi, bati lenye mapezi la kupozea moto, pampu ya karabai, dinamo ya baiskeli. Nilitaka tuvibandike vyote. Ukakataa. Kila nilichokishika uliniuliza, "Hii inafanya kazi gani?" Nikijibu inapendeza, unasema, "Kupendeza si kazi." Basi nikajifunza uongo. Hii inapuliza moto, hii inapima umbali. Hapo ndipo unaridhika, unakifunga kipande kwa ukanda wa mpira wa baiskeli na kukiacha hivyo hadi kesho yake, tukitazame kwanza tukinywa kahawa. Jicho likikwama, kinatoka. Jicho likipita, unakwangua rangi pale kitakapokaa, maana gundi haishiki juu ya rangi, halafu ndipo unatia skrubu. Na waya ulikuwa na sheria yake: "Hautoki hewani wala hauishii hewani."

Kosa lilikuwa moja tu, na hukuliona kwa sababu wewe unatumia mkono wa kulia. Vile vifundo vitatu ulivikaza upande wa kulia, juu kidogo ya mpini. Kwako havikugusa ngozi. Kwangu vilikaa palepale linapolala dole gumba, na swichi ikawa ng'ambo nisikoifikia. Siku ya kuitundika nilipoishika vikanichoma, nikaiachia, kidogo ianguke. Watu wakacheka, wakisema bunduki imemkataa Mashoto. Nami nikacheka. Ila iliniuma, Athumani. Utotoni nilichapwa hadi nikajua kula kwa mkono wa kulia, na huu wa kushoto, mkono wangu wa kazi, nimeutetea peke yangu.

Mwezi wa Ramadhani wewe ulikuja kwangu na tonge la udongo wa kufinyangia vyungu. Ukaniambia nilishike kwa mkono wa kushoto, nikaze, kama nashika mpini. Nikauliza ni la nini. Ukasema kuna mtu wa Mbwera anataka mpini wa kisu. Nikakaza. Ukalifunga kwa kitambaa kibichi, ukaondoka nalo polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Hapo ndipo nilipoanza kukushuku. Mtu gani wa Mbwera anapimiwa kisu kwa mkono wangu? Huku kwetu watu wanaogopa hata mchanga wa unyayo wao kuzolewa na adui, na wewe umeondoka na mkono wangu mzima, vidole vitano! Wiki iliyofuata nikapita bandani kwako, nikaona maranda ya mninga chini ya meza. Fundi redio na maranda wapi na wapi? Ukayasukuma kwa mguu ukidhani sijaona. Shemeji yako Kassimu, huyo anayepeleka mizigo Dar, alikuwa ameketi pale, akakatisha maneno nilipoingia. Nikajua. Mnatengeneza bunduki nyingine, mwende mkaiuze Dar bila mimi, na ule udongo ni wa kunifunga mkono nisichonge tena.

Siku hiyohiyo patasi ikanichana kiganja. Nilitaka shahidi gani tena?

Nikavuka mto kwa mganga. Akanisikiliza, akaniambia, "Anayekufunga ni anayekula nawe." Jina hakulitaja. Nililitaja mimi. Kuanzia hapo sikuja tena kwako. Ulinitumia salamu mara mbili, nikajibu nina kazi nyingi, na kazi sikuwa nayo.

Homa ikakushika Jumatatu. Alhamisi tukakuzika.

Nilikuja. Jeneza nilibeba, mchanga nilitia. Kisha baba yako mdogo akasimama, akasema marehemu alikuwa binadamu, kama kuna aliyekosewa naye, tunaomba amsamehe. Watu wote wakajibu, "Tumesamehe." Mimi sikujibu. Nilikuwa nyuma, karibu na majembe, nimebana midomo, na moyoni nasema Mungu anajua ulichonifanyia. Hakuna aliyeniona. Nimekuwa nikijiambia hivyo kila siku, hakuna aliyeniona.

Mkeo Zuhura akaingia eda, miezi minne na siku kumi. Mimi si mtu wa kuingia kwake wala kumuuliza kitu, nikabaki na mawazo yangu na Kassimu. Nilimchunga kama mchunga ndege shambani. Akivaa shati jipya, nasema bunduki imeuzwa. Akinisalimia, nasema ananipima. Asiponisalimia, nasema ana hatia. Maskini mtu wa watu, hakuwa na njia ya kupona kwangu.

Wiki iliyopita, eda imekwisha, shemeji Zuhura akaniita. Alikuwa barazani na mama yake, na kiroba miguuni. Akaniambia, "Alitaka akupe mwenyewe siku ya Idi, ila haikuwa imekamilika; alipoimaliza, homa ikamshika. Akatukataza tusikwambie. Alisema wewe ukiambiwa nusu, nusu nyingine unaitunga."

Na bado nikatunga. Nilipoona ni bunduki, nikasema imekosa mnunuzi, sasa wananitupia. Nikaenda nayo nyumbani, nikafunga mlango, nikaikagua. Uchongaji wako ni aibu, Athumani. Umekwenda kinyume na nyuzi za mti, mninga umechanika, umbo zima kama muhogo ulioguguniwa na panya. Lakini vipande! Nilikiuliza kila kimoja kazi yake, kikanijibu. Nikaufuata waya, nikaona ulikotoka na ulikoingia. Ila kila kitu kilikuwa kimegeuzwa, vifundo kushoto, swichi kulia. Nikadhani umekosea.

Ndipo nikaishika kwa mkono wangu. Vidole vikazama kila kimoja mahali pake, hata hiki kidogo kilichopinda tangu nilipokivunja nikiwa mtoto. Ulikuwa umekichongea kishimo chake kilichopinda. Dole gumba likaangukia swichi lenyewe, na taa nyekundu ikawaka. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Nikamwambia Athumani. Akaniangalia kwa mashaka, maana wewe ulikufa tangu masika.

Nilikwenda kwa maalimu nikamweleza. Akasema sijachelewa, nikusamehe sasa na nikuombee dua. Hakunielewa. Sina cha kukusamehe. Ni mimi ninayetaka kusamehewa, na kwa upande wako hakuna wa kusimama akaitikia.

Basi nakuahidi hivi. Ijumaa baada ya swala nitasimama mbele ya watu walewale. Nimekwisha kumwomba baba yako mdogo, amekubali. Nitasema Athumani hakunikosea kitu, mimi ndiye niliyemkosea, na siku ya kaburi nilinyamaza. Nitaeleza udongo, na mganga, na maranda. Kassimu nitamwomba radhi kwa jina lake, wote wakisikia. Watanicheka, na mji huu ukipata la kucheka haulimalizi. Na wacheke.

Lala salama, ndugu yangu. Mungu akupe nuru na nafasi. Maishani mwangu sijapokea jibu la mtu bila kuligeuza nyuma na mbele. Lako ningelipokea bila kuuliza, na ndilo ambalo sitalisikia.

Wako,
Mashoto