Apio Asisikie Kilio

Yaya wangu Veroni, dada mukubwa,

Goti yako inasema nini? Inakubali sasa kupanda kilima ya kanisa, ao ungali unapanda ukishika ukuta ya watu? Na shemeji anakohoa ile kikohozi ya zamani, ao amepata mupya? Mimi ningali. Meno imebaki nne, mugongo inauma asubui, mudomo haiume hata kidogo. Bunia iko baridi na matope, na moshi ya makala imenifanya macho ya mulevi.

Weye katekista mwenye kumusomea yaya, ngoja kwanza. Angalia kama nyumba iko na watu. Kama wako, fukuza. Funga mulango. Yaya, ikaa chini, shika mudomo yako na mikono yote mbili. Ninakujua, weye unaliaka hata jua ikichoma samaki upande moja. Leo ukilia, unaua mutu.

Acen ameruka.

Nimesema ameruka. Ile neno ingine sikuisema, na katekista asiiseme. Unajua vile siye tunafanyaka na mapasa, watoto wa kuzaliwa wawili: mumoja akienda, hatulii, hatukai kilio, hatufungi kitambaa ku kichwa. Ule mwenye amebaki anasikiliza. Akisikia kilio atajua mwenzake alipita njia gani, na yeye atafuata. Apio angali hapa. Njo maana sikukupigia telefone. Nyumba yetu ni mabanzi na bashi ya plastiki, nikisema neno kwa telefone Dorika anasikia, mutoto anasikia, hata panya inasikia. Hii barua ninaisemea mu nyumba ya mutu mwingine, kisha nitarudi kucheka na mutoto.

Nianzie ku mwanzo. Mujukuu wetu Dorika alikuja huku kufuata bwana, bwana akafuata zahabu ya Niania, na mimi nikatoka kwetu kumufuata Dorika sababu tumbo ilikuwa imejaa mupaka haonake miguu yake. Siku ya kuzaa, Apio alitoka akipiga kelele kama mbuzi ya deni. Nikasema asante Mungu, tumemaliza. Muzalishaji akaniangalia: "Koko, usifunge mulango, iko ingine." Njo akatoka Acen, mudogo kama fungu moja ya majani ya sombe. Hakulia. Alituangalia tu, kama mutu mwenye ameingia mu nyumba ya watu na anauliza kama wako.

Kwetu ungekuja weye na wamama wote wa ukoo, na majani ku kichwa, mutupigie matusi ya mapasa siku nzima. Dorika atukanwe, mimi nitukanwe, bwana atukanwe hata kama hayuko, watoto wasikie kama wamefika kwa watu wenye hawawaogope. Bila matusi wanafikiri hakuna mutu nyumbani, wanarudi. Nilikungoja. Njia ikafungwa upande wa Djugu, magari ikarudi na matundu ya risasi, na weye ukabaki kule Mahagi na majani yako. Sikukasirike. Kidogo nilikasirika.

Nikaenda kwa Terezi, mutoto wa shangazi yetu, ule mwenye mulango ya chuma ya rangi ya buluu. Damu yetu. Nikapiga hodi mupaka vidole ikauma. Akafungua nafasi ya pua.

"Terezi, nimekuja unitukane."

"Nini?"

"Mapasa wamefika. Wasichana. Kuja unitukane mimi na Dorika, mara moja tu, uende zako."

"Yaya Ezabeli, siye tuliokoka. Hayo ni mambo ya shetani."

"Basi niite shetani. Hiyo pia ni tusi, nitabeba."

Akafunga. Nikasikia ndani anacheka na mutu. Hata maji hakunipa, hata jina ya watoto hakuuliza. Nikarudi kwa miguu, na mvua ikaninyeshea mimi peke yangu, hivyo njo niliona.

Wamama wa ku robine ya maji nao wakaanza kuvuta bidon zao mbali na bidon ya Dorika. "Mapasa wanakaushaka maji." Walisema pembeni, mukono ku mudomo. Tusi ya pembeni haina kazi, yaya. Inataka ya uso kwa uso. Nikawaambia, "Semeni kwa nguvu basi, wajinga!" Wakabeba bidon zao, wakaenda. Mimi mutu ya kulia kwa sababu watu wamekataa kunitukana! Ungenicheka.

Kisha Acen akaanza moto ya mwili. Tulimupeleka kwa waganga wa hospitali, usifikiri tuliikaa. Walimupima, walimupa dawa, Dorika alimunywesha kijiko kwa kijiko vile walisema. Moto inashuka, inapanda. Apio ananyonya kama muchimba zahabu, Acen anashika titi, analala.

Sasa ile siku nilikuwa ninafua vitambaa vya watoto. Nikamwaga maji. Maji ikapita chini ya lupango, ikaingia kwa jirani, ikabeba maharagi yenye alikuwa ameanika ku mukeka. Ule jirani anaitwa Kavira, mama wa Butembo, anauzaka maharagi na mafuta nyekundu ya ngazi. Alikuwa na miezi mitatu pale, na siye hatukuwa tumesalimiana hata mara moja. Alikuja na mukeka ku mukono, maharagi ingali inaanguka.

"Weye muzee bila haya! Macho ulikopesha nani? Matako iko mbili na hata moja haijazi kiti, lakini kumwaga maji unajua!"

Yaya, tusi ya uso kwa uso, njo hiyo! Nikaita, "Dorika! Leta watoto! Leta wote wawili, upesi!"

Kavira akaona ninamuchezea. Akapandisha sauti. "Mudomo yako kama mulango ya choo ya soko, haifungi! Na huyo mujukuu yako, tumbo yake ni hoteli? Watu wanaingia wawili wawili!"

Nikaanza kucheza. Mimi, na hii mugongo! Nikapiga vigelegele, nikainua mikono, Dorika amesimama na mutoto huku na mutoto huku, machozi ya kucheka inashuka. Watu wakasimama ku njia. Dereva mumoja wa pikipiki akazima moteri apate kusikia vizuri. Kavira alitukana mupaka pumzi ikakatika, akabaki ananiangalia.

"Mama, uko na wazimu?"

"Hapana, mwanangu. Ongeza. Ukoo yangu haujagusa bado."

Njo nikamueleza. Alisikiliza, mukeka imeanguka chini. Akaangalia Acen muda murefu. "Kwetu mapasa tunaleteaka unga," akasema, "si matusi." Akaokota maharagi yake moja moja, akaenda. Nikasema mu moyo, haya, tusi moja ya bahati, imeisha hivyo.

Kesho yake saa ya alasiri nikasikia kelele ya sufuria. Kavira alikuwa mbele, na nyuma yake wamama saba wa soko yenye sijawahi kuona sura zao. Wauzaji wa chumvi, wa samaki ya makayabu, wa nguo za mitumba. Moja alikuwa na majani ya muti ya bure ku kichwa, majani mubaya kabisa, si yenyewe ya mapasa, lakini alijaribu. Yaya, walitutukana! "Bwana yake alipanda mbegu mbili mu shimo moja, hata mahindi inaona haya!" "Huko Niania anachimba vile alichimba hapa? Basi zahabu imekwisha!" Mwingine akatukana mu Kinande, sikuelewa hata neno, lakini ilikuwa mubaya sana, nilisikia ku sauti. Mama wa makayabu alinivuta sikio, akaniita mufuko ya makala yenye kupasuka. Na walipomaliza, kila mumoja akaacha unga ku mulango, sababu kwao njo hivyo. Kavira alikuwa ameenda kuwaomba mumoja mumoja, meza kwa meza, soko nzima. Hakuna mutu alimutuma.

Ile jioni moto ya Acen ilishuka. Akanyonya pande zote mbili. Nikamwambia Mungu: umeona, hata bila Veroni na Terezi.

Siku tatu alinyonya. Siku ya ine, asubui, kabla uji ichemuke, nikamugusa mugongo. Alikuwa ameruka.

Usiniulize kwa nini. Nilifanya yote. Nilitukanwa ya kutosha ukoo mbili. Alikuwa na siku kumi na saba.

Sasa sikia ubaya yangu, sababu nitaisema kabla mutu mwingine akuambie. Dorika alifungua mudomo apige kelele. Nilimupiga kofi. Mujukuu wangu, mwenye kutoka kuzaa, na mutoto baridi ku mapaja yake. Kisha nikamuziba mudomo na kitambaa ya sahani. "Apio anasikia," nikamwambia. "Unataka nizike wawili?" Akauma kile kitambaa. Hakutoa sauti, wala siku ile, wala kesho yake. Soko ikanipa nyungu ya kumulalisha Acen ndani, mwanamuke mwenye kuiuza alitoa yenye alikuwa amejiwekea maji yake ya kunywa, akamwaga maji, akanipa. Tukamupeleka Acen kando ya mutoni vile inatakiwa, tukirudi tunaongea habari ya bei ya sabuni. Ku robine wakasema, angalia hawa, hawana roho, mutoto ameenda na wanacheka. Hiyo walisema kwa nguvu.

Na maziwa ya Dorika ikakauka.

Fahamu hapo, yaya. Kilio yenye alimeza ilifunga maziwa. Apio anashika titi, anavuta, anaachilia, anapiga kelele. Siku moja. Siku mbili. Tukamupa maji ya uji, akatapika. Ninamwambia Dorika asilie, ninaua mutoto kwa njaa. Ninamwacha alie, ninaua mutoto kwa kilio. Nilikaa katikati pale na mikono yangu mibili, haina kazi.

Kavira akaja kuuliza kwa nini mutoto analia hivyo. Nikamueleza yote, kwa sauti ya chini, nje. Kisha akaniuliza, "Ni ukoo yenu njo hailiake?"

"Ndiyo."

"Mimi si wa ukoo yenu."

Akaingia, akaikaa chini ku mulango, akafungua kitambaa ya kichwa, akaanza. Yaya, nimesikia vilio, siye wote tumesikia, lakini ile! Aliita mama yake. Aliita kaka yake wawili. Aliita mutoto, jina sitaiandikisha hapa. Watu wake walienda siku moja, huko kwao, na yeye alikimbia na kilo moja ya chumvi ku kichwa, hakupata hata siku ya kukaa chini alie. Miaka yote alikuwa anauza maharagi na ile kilio mu tumbo. Akaitoa yote mu nyumba yetu. Na katikati, bila kuangalia mutu, akaita: "Acen! Acen mudogo wa watu!" Mara moja, mbili, nyingi, pamoja na wake.

Apio alisikia. Lakini alisikia kilio ya mugeni, haimuhusu.

Dorika alikuwa ameshika mutoto, macho kavu, mudomo imefungwa. Mwili yake yote ikatetemeka kama mutu wa homa. Na gauni yake ikaloa mbele, yaya. Upande huu, na upande huu. Apio akashika.

Kavira njo anaandika hii barua, sababu yeye alisoma na mimi sikusoma. Hapa ameacha kalamu, anasema hii sehemu yake niitoe. Nimemwambia: andika, ao nitamwaga maji tena.

Sasa neno yako. Najua unabeba kitu ku kifua na hauna mahali ya kuitua. Usiitue nyumbani. Mutoto anasikia hata kutoka Mahagi. Toka, shuka ku port, tafuta mwanamuke asiye wetu, wale wenye kuvuka kutoka ngambo ya ziwa na vitenge. Usichague mwenye uso muzuri, mimi nilimupata mwenye matusi. Mwambie: kulikuwa mutoto jina Acen, siku kumi na saba, alituangalia sana. Muombe amulilie. Weye simama kando, uangalie maji, ufunge mudomo. Kama anakataa, uliza mwingine. Terezi mumoja asikufunge njia.

Salimia shemeji mushona nyavu, mwambie asali, aache sigara. Salimia muke wa kaka yetu, mupishi wa fufu yenye mawe, ninaikosa hata hiyo. Salimia mama mukwe wa Dorika: mwana wake wa Niania asipotuma hata neno moja, nitamutafuta mimi mwenyewe na hii mugongo. Katekista, aksanti kwa mudomo yako.

Apio anakula kila saa. Anakuwa mubaya wa sura kama weye, afya iko.

Ni mimi mudogo yako, Ezabeli. Hii alama nyeusi ni kidole yangu. Kama unaona karatasi imeloa mahali, si mimi. Ni Kavira. Mimi sijalia.