Firigisi ya Kijana Wakoli

Nekoye!! Niko hapa harusini mbavu zinaniuma kwa kicheko. Mzee Enos ametoboa siri ya marehemu rafiki yake, babu yangu Wakoli, mbele ya wakwe wote!

Eti mwaka wa sabini na moja Babu alikuwa na wajukuu tayari, lakini neno "mzee" hakutaka kulisikia. Alikuwa amejinunulia suruali pana miguuni huko Kisumu, na mvi amezificha chini ya kofia. BABU, Nekoye! Suruali pana!

Basi yeye na Enos wakaenda Port Victoria kumtembelea Nabututu, dada ya Enos. Mama wa watu akasema tu, "Karibu, mzee." Babu akawaka. "Mzee ni nani hapa? Mimi kijana! Niite kijana!"

Nabututu akasema sawa, akaenda kuchinja kuku.

Sasa unajua kwetu firigisi haiguswi ovyo, ni ya mzee. Babu amenawa mikono, mate yanamjaa. Kijiko kikampita. KIKAMPITA, Nekoye! Kikatua kwa sahani ya Enos, mtu ambaye Babu alimzidi miaka mingi, ila kipara kilimfanya Enos aonekane mzee.

"Nabututu, hiyo ni yangu!"

"Hii ni ya mzee. Wewe kijana, kula shingo."

Babu akavua kofia, mvi zote nje. "Mama, angalia! Mimi ni babu ya watu! Nina wajukuu!"

Enos akatafuna polepole, akameza, akamwambia, "Bwana, umechelewa kuzeeka."